Apolo Kagwa: Askari wa Kabaka Aliyeishika Kalamu

Mwaka 1888 Kabaka (mfalme) Mwanga wa Buganda alivuka Ziwa Viktoria kwa mtumbwi akikimbilia kusini. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, na waliompindua ni vikosi vya vijana wenye bunduki ambavyo yeye mwenyewe alivikuza ili vimlinde dhidi ya machifu wazee. Alifikia Magu kwa wafanyabiashara Waarabu, akakaa kwao kwa mashaka, kisha akahamia Bukumbi kwa Mapadri Weupe, ambao walikuwa wamejenga misheni yao hapo tangu 1883. Bukumbi iko upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, kusini mwa mji wa Mwanza. Kamanga iko ng'ambo ya maji, upande wa Sengerema. Mambo ya Buganda ya mwaka uliofuata yalipangwa kutoka pwani hizi, na mtu aliyenufaika nayo kuliko Mwanga mwenyewe alikuwa askari mmoja aitwaye Apolo Kagwa.

Kagwa alizaliwa miaka ya 1860, wa ukoo wa Nsenene. Aliingia ikulu akiwa mtumishi kijana, akajifunza kusoma kwa wamisionari wa Kiingereza. Kati yao alikuwapo Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Uskoti, aliyefika Buganda mwaka 1878 na ambaye karakana yake ilikuwa na mashine ya kupigia chapa. Mwaka 1886 Mwanga alipowageukia Wakristo wa ikulu yake, wengi wakachomwa moto Namugongo, Kagwa aliponea chupuchupu kwa kipigo kutoka kwa mkono wa Kabaka. Mwaka mmoja baadaye Kabaka huyohuyo akamkabidhi kikosi cha ghala la kifalme pamoja na bunduki zake. Ikulu ya Mwanga ilikuwa hivyo: leo fimbo, kesho cheo.

Mapinduzi ya Septemba 1888 Waislamu na Wakristo waliyafanya pamoja. Urafiki wao haukufika hata miezi miwili. Mwezi Oktoba Wakristo walifukuzwa mjini, wakakimbilia Ankole wakiongozwa na Honorat Nyonyintono, Mkatoliki. Nyonyintono alipouawa vitani mwaka 1889, uongozi ukamwangukia Kagwa, Mprotestanti ambaye hakuwa ametimiza miaka thelathini.

Lakini wakimbizi wa Ankole walihitaji mfalme wa kumpigania, na mfalme alikuwa huku kwetu, kusini mwa ziwa. Hapo ndipo anapoingia Charles Stokes, Mwairishi aliyeacha kazi ya misheni akawa mfanyabiashara wa pembe na bunduki, akaoa katika ukoo wa kichifu wa Unyamwezi. (Miaka sita baadaye maofisa wa Dola Huru ya Kongo walimnyonga, jambo lililozusha kelele kubwa Ulaya.) Mwaka 1889 Stokes alimpakia Mwanga kwenye chombo chake huku Usukuma, akampeleka kaskazini pamoja na silaha. Watu wa visiwa vya Ssese, mabingwa wa mitumbwi, wakamuunga mkono. Mackay, aliyefukuzwa Buganda mwaka 1887, alikuwa Usambiro, kusini mwa ziwa, ambako aliendelea kuchapa maandiko ya Kiganda hadi homa ilipomuua Februari 1890. Oktoba 1889 jeshi la Kagwa likaingia Mengo, mji mkuu wa Kabaka, na Mwanga akarudi kitini. Kagwa akawa Katikiro, waziri mkuu, cheo alichokishika mpaka 1926.

Mapigano hayakuishia hapo. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Mengo, na bunduki za Maxim za ofisa Mwingereza, Kapteni Lugard, zikaupa ushindi upande wa Kagwa. Mwaka 1897 Mwanga aliasi, akashindwa, akakimbilia tena kusini, safari hii mikononi mwa Wajerumani. Alitoroka, akapigana tena, akakamatwa 1899, akafia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Katikiro wake wa zamani alikuwa upande wa waliomwinda, na sasa alikuwa mmoja wa walezi watatu wa mtoto wake, Kabaka Daudi Chwa.

Baada ya hapo ndipo askari akageuka mwandishi. Alikuwa na mashine yake ya kupigia chapa, na mwaka 1901 akatoa kitabu cha historia ya wafalme, Basekabaka be Buganda, kisha cha mila na desturi, na kingine cha koo. Aliwaita wazee wamsimulie, akawaandika. Mwanazuoni wa Kiingereza John Roscoe, aliyetoa kitabu chake kuhusu Waganda mwaka 1911, alipata sehemu kubwa ya habari zake kupitia mlango wa Kagwa. Mwaka 1902 Kagwa alikwenda London kutawazwa kwa Edward VII, na katibu wake Ham Mukasa, naye mpiganaji wa vita vilevile, akaiandikia kitabu safari hiyo. Chuo kikuu hakikuwapo Uganda, lakini Katikiro aliisukuma elimu kwa nguvu zake zote, na shule ya Budo ilifunguliwa mwaka 1906 kwenye kilima wanakotawaziwa makabaka.

Mimi namsoma kwa heshima, ila kwa jicho moja wazi. Mtu huyu alitia sahihi Mkataba wa Uganda wa Machi 1900, uliowagawia machifu na watu binafsi wapatao 1,000 maili za mraba 8,000. Ardhi za koo zilimegwa, naye akiwa mgawaji mkuu. Kisha mgawaji huyohuyo akaandika kitabu cha koo. Miaka ya 1920 wakuu wa koo walimlalamikia hadharani, na historia aliyoiandika haikuwaziba midomo.

Linganisha na mwandishi Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Yeye hakuwa na jeshi wala mashine. Alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945, na tafsiri yake ya Kiswahili, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1980. Alisubiri miaka 35. Kagwa alikuwa na uwezo wa kuandika asubuhi na kuchapa jioni.

Mwaka 1926 Kagwa alijiuzulu baada ya kugongana na maofisa wa Kiingereza. Akafunga safari kwenda Uingereza kudai haki yake, akafariki Nairobi Februari 1927. Upande wake wa hadithi tunao kwa maandishi. Upande wa Wasukuma na Wazinza waliompokea mfalme mkimbizi, wakawalisha na kuwavusha watu hawa wote, haujapata kitabu kama chake. Mwenye simulizi za wazee wa Bukumbi, Magu au Kamanga azirekodi sasa, na azipeleke palipo na maktaba.