Pink Floyd: Kundi moja, mashabiki wa kambi nne

WAPENZI wa muziki wa roki wakikutana na kulitaja kundi la Pink Floyd la Uingereza, haupiti muda mrefu kabla ya swali moja kuzuka: Pink Floyd ipi?

Wapo wanaolikumbuka kama kundi la vijana wanne waliokesha wakipiga muziki katika ukumbi wa chini ya jengo jijini London, mwishoni mwa mwaka 1966. Wapo waliolifahamu mwaka 1973 kupitia santuri yenye jalada jeusi lililochorwa kipande cha kioo cha pembe tatu kinachopasua mwanga na kuugeuza rangi za upinde wa mvua. Wengine walikuwa wanafunzi mwaka 1979 na wanalikumbuka kwa wimbo wa watoto wanaowapinga walimu wao. Na wapo waliozaliwa baada ya waanzilishi kufarakana, ambao walimwona jukwaani mpiga gitaa David Gilmour pekee na kuamini kwamba huyo ndiye Pink Floyd.

Kila kambi ina ushahidi wake, na ndiyo maana ubishi wao haujaisha.

Mwanzo na Syd Barrett

Kundi hilo liliundwa London mwaka 1965 na Syd Barrett aliyepiga gitaa na kuimba, Roger Waters aliyepiga besi, Richard Wright aliyepiga kinanda na Nick Mason aliyepiga dramu. Jina walilitwaa Barrett kwa kuunganisha majina ya wanamuziki wawili wa bluzi wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council.

Muziki wao ulikuja kuitwa wa saikedelia. Huu ni mtindo wa roki ulioshamiri Marekani na Uingereza katikati ya miaka ya 1960, ukikusudia kumtoa msikilizaji katika hali yake ya kila siku. Nyimbo zilirefushwa, sauti zikatiwa mwangwi, magitaa yakatoa milio isiyozoeleka, na taa za rangi zikachezeshwa juu ya wapigaji na ukuta uliokuwa nyuma yao. Mtindo huo uliandamana na matumizi ya dawa za kulevya, hasa LSD, na baadhi ya vijana wa wakati ule waliulipia kwa afya zao.

Desemba 1966 ulifunguliwa ukumbi wa UFO katika barabara ya Tottenham Court, na Pink Floyd ikawa miongoni mwa bendi zake kuu. Mei 12, 1967, katika ukumbi wa Queen Elizabeth, walitumia mtambo uliozungusha sauti pande zote za hadhira. Agosti mwaka huo ilitoka albamu yao ya kwanza, The Piper at the Gates of Dawn, iliyorekodiwa katika studio za Abbey Road. Nyimbo nyingi zilikuwa za Barrett.

Kwa kambi ya kwanza ya mashabiki, hiyo ndiyo Pink Floyd halisi. Hoja yao ni kwamba Barrett alikuwa na utoto na mzaha ndani ya nyimbo zake, vitu ambavyo kundi halikuvipata tena baada ya yeye kuondoka. Wanaowapinga hujibu kwamba albamu moja haitoshi kuwa kipimo cha kundi lililodumu kwa miongo.

Kufikia mwishoni mwa 1967 hali ya akili ya Barrett ilikuwa imezorota, na matumizi ya LSD yametajwa kwa muda mrefu kuwa mojawapo ya sababu. Gilmour, rafiki yake wa tangu ujana huko Cambridge, aliingizwa kundini kumsaidia. Kwa majuma machache kundi likawa na watu watano, kisha wenzake wakaacha kwenda kumchukua Barrett siku za maonyesho. Aprili 1968 ilitangazwa rasmi kwamba ameondoka. Alitoa albamu mbili zake mwenyewe mwaka 1970, na baadaye akarejea Cambridge kuishi maisha ya faragha, akichora na kutunza bustani.

Hapo ndipo mapenzi ya mashabiki yalipogeuka mzigo. Kwa miaka mingi watu walisafiri hadi mlangoni kwake, wengine wakiwa na kamera, wakimtafuta kijana wa mwaka 1967. Mwenye nyumba alikwisha kuacha hata jina la Syd, akitumia jina lake la kuzaliwa, Roger. Hakutaka wageni hao. Miongoni mwa mashabiki wenyewe suala hilo limeacha aibu: je, kumpenda msanii kunampa mtu haki ya kumgongea mlango aliyeamua kuufunga?

Santuri iliyokaa chati miaka

Kambi ya pili ni ya kati ya 1971 na 1975, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote. Kumbukumbu zake huanza na Echoes, wimbo wa zaidi ya dakika 20 katika albamu ya Meddle ya mwaka 1971. Oktoba mwaka huo kundi lilipigwa picha za filamu katika magofu ya uwanja wa kale wa Pompeii, Italia, likipiga muziki bila hadhira. Wengi ambao hawakupata kuliona kundi jukwaani huitaja filamu hiyo kuwa ndiyo tamasha lao.

Mwaka 1972 wakaanza kupiga jukwaani mfululizo wa nyimbo kuhusu muda, fedha, kifo na kurukwa na akili. Kwa hiyo mashabiki walioingia kumbini waliisikia The Dark Side of the Moon zaidi ya mwaka mmoja kabla haijauzwa, na kanda zilizorekodiwa kwa siri zilizagaa. Albamu yenyewe ilitoka Machi 1973. Katika chati ya albamu 200 za jarida la Billboard nchini Marekani ilikaa jumla ya wiki 741 kati ya 1973 na 1988, na imekadiriwa kuuza zaidi ya nakala milioni 45 duniani.

Mashabiki wa kambi hii hupenda kusema kwamba albamu hiyo haina mwenyewe. Waters aliandika maneno, Wright akaipa mpangilio wa vinanda, Gilmour gitaa na sauti, na Mason mapigo. Fundi mitambo Alan Parsons alifanya kazi kubwa studioni. Mwimbaji Clare Torry aliitwa kuimba bila maneno katika wimbo mmoja na akalipwa ujira mdogo wa kazi ya studio. Miongo mitatu baadaye alifungua kesi, na mwaka 2005 shauri likamalizwa kwa makubaliano yaliyomtambua kuwa mtunzi mwenza.

Juni 5, 1975, wakati kundi likishughulikia Wish You Were Here, albamu yenye wimbo mrefu kuhusu Barrett, mtu mnene aliyenyoa nywele na nyusi aliingia Abbey Road. Ilichukua muda kabla ya wenzake kumtambua kuwa ni Barrett mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 29. Kisa hicho kinasimuliwa na mashabiki kuliko kingine chochote, na kwa wengi ndicho kinachofanya albamu hiyo isikilizike kama maombolezo ya mtu aliye hai.

Mate na ukuta

Julai 6, 1977, katika uwanja wa Olimpiki wa Montreal, Kanada, Waters alichoshwa na kelele za mashabiki waliokuwa mbele ya jukwaa, akamtemea mate mmoja wao. Baadaye alikiri kujishangaa kwa kitendo hicho. Kutokana nacho likazaliwa wazo la kujenga ukuta kati ya mwanamuziki na hadhira, na Novemba 1979 ikatoka The Wall. Katika maonyesho yake ukuta wa kweli ulijengwa hatua kwa hatua hadi wapigaji wakafichika, kisha ukabomolewa.

Kwa kambi ya tatu, Waters ndiye kichwa cha kundi. Wanataja uwezo wake wa kugusa vita, shule, upweke na utawala wa mabavu. Wanataja pia kilichotokea Afrika Kusini mwaka 1980, ambako wanafunzi waliokuwa wakigomea elimu ya ubaguzi waliimba wimbo Another Brick in the Wall, na serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Wimbo huo ulikuwa umerekodiwa kwa sauti za wanafunzi wa shule moja ya kaskazini mwa London. Ni mashabiki wachache wa roki wanaoweza kusema kwamba wimbo wanaoupenda uliitia serikali hofu.

Wapinzani wao hukumbusha gharama yake. Wright aliondolewa kundini wakati wa kurekodi albamu hiyo, akarudi katika maonyesho ya 1980 na 1981 kama mwajiriwa wa kulipwa. Kwa kuwa maonyesho hayo yalileta hasara, mwajiriwa huyo ndiye pekee aliyetoka na faida.

Nani mwenye jina?

Waters alijitoa mwaka 1985 akiamini kundi limekwisha. Gilmour na Mason walikataa. Shauri likafika kwa wanasheria mwaka 1986, na mwishoni mwa 1987 wakaafikiana: wawili hao waendelee na jina, naye Waters abaki na haki za The Wall pamoja na mambo mengine. Hapo kila shabiki alilazimika kuchagua upande, na hata tiketi ya kuingilia tamasha ikawa kama kura.

Kambi ya nne ni ya waliomfuata Gilmour. Ilikusanyika Venice, Italia, Julai 15, 1989, wakati kundi lilipopiga juu ya jukwaa linaloelea mbele ya watu wapatao 200,000, na wakazi wa mji wakalalamikia takataka zilizoachwa. Ilikuwepo pia Earls Court, London, Oktoba 29, 1994, ambako Pink Floyd ilifanya tamasha lake kamili la mwisho. Wanaoipinga husema hiyo ilikuwa taa nyingi na maneno machache. Wanaoitetea hujibu kwamba sauti ya gitaa la Gilmour inajieleza bila maneno.

Usiku wa Hyde Park

Kambi zote nne zina usiku mmoja wanaokubaliana. Julai 2, 2005, Waters, Gilmour, Wright na Mason walisimama pamoja katika bustani ya Hyde Park, London, kwa mara ya kwanza tangu 1981. Lilikuwa tamasha la Live 8, lililoandaliwa na Bob Geldof, aliyewahi kuwa mwigizaji mkuu wa filamu ya The Wall ya mwaka 1982. Lengo lilikuwa kuwashinikiza viongozi wa mataifa manane tajiri waliokuwa wakijiandaa kukutana Scotland kuhusu umaskini wa Afrika. Mwezi mmoja kabla, mawaziri wa fedha wa mataifa hayo walikuwa wamekubali kufuta madeni ya nchi 18, Tanzania na Uganda zikiwemo. Mauzo ya santuri za Pink Floyd yalipopanda baada ya tamasha, Gilmour alisema faida hiyo ingepaswa kwenda kwa wahitaji.

Waliotegemea kundi lirudi moja kwa moja hawakupata walichotaka. Barrett alifariki Julai 7, 2006 akiwa na umri wa miaka 60, na Wright Septemba 15, 2008. Albamu ya mwisho, The Endless River, ilitoka 2014 ikiwa na sauti za Wright zilizohifadhiwa. Mwaka 2018 Mason aliunda bendi ya kupiga nyimbo za miaka ya mwanzo. Waters alirekodi upya The Dark Side of the Moon peke yake mwaka 2023, akizusha ubishi mwingine. Oktoba 2024 iliripotiwa kwamba kampuni ya Sony imenunua rekodi na jina la kundi kwa takriban dola milioni 400. Swali la nani mwenye jina likawa na jibu la kisheria, ingawa si lile mashabiki walilokuwa wakibishania.

Novemba 2006, miezi minne baada ya kifo cha Barrett, mali zake ziliuzwa kwa mnada mjini Cambridge na kuingiza zaidi ya pauni 100,000. Ziliuzwa michoro yake, vifaa vya nyumbani na baiskeli alizotumia kwenda dukani. Wanunuzi wengi walikuwa mashabiki.