Kabla ya Injini, Breki

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, juma hili nimeletewa barua na mama mmoja wa Tandika. Anasema mwanawe, kijana wa miaka 22, ameingiza uani mkweche wa gari usio na injini. Injini nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza, imelala chini ya mwembe, imefunikwa gunia. Kila shilingi anayoipata kwenye gereji anakofanya kibarua inaishia hapo. Baba mtu amesema huo ni uhuni, na mwisho wa mwezi gari litoke. Mama anauliza: mwanangu amepotoka, au anajifunza kazi?

Mama, naomba univumilie. Sitajibu ndiyo wala hapana kabla sijakusimulia habari za vijana wengine waliokuwa na mikweche kama huo, na ambao nao waliitwa wahuni.

Vijana hao waliishi kusini mwa California, nchini Marekani, kandokando ya jiji la Los Angeles, katika miaka ya 1920 na 1930. Kampuni ya Ford ilitengeneza gari lake la Model T kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, na ikatoa zaidi ya milioni 15. Gari hilo lilikuwa na nguvu za farasi 20 tu, lakini lilikuwa jepesi, rahisi kufunguliwa, na lilipochakaa lilipatikana kwa dola chache. Kijana wa kibarua aliweza kulinunua. Akishalifikisha nyumbani alianza kulivua: madigadi chini, boneti chini, kioo cha mbele chini. Hesabu yake ilikuwa fupi: kama huna fedha za kuongeza nguvu, punguza mzigo. Magari ya namna hiyo ndiyo yaliyokuja kuitwa "hot rod".

Mwaka 1932 mambo yakabadilika. Ford walitoa injini ya silinda nane, nne upande huu na nne upande ule, zimepangwa kama herufi V, na bloku lake limemiminwa kipande kimoja. Kabla ya hapo injini ya V8 ilikuwa mali ya wenye fedha. Sasa iliwekwa katika gari la mtu wa kawaida, na lile la bei nafuu liliuzwa chini ya dola 500. Injini hiyo ilikuwa na ujazo wa lita 3.6 na nguvu za farasi 65, na ilipofika mwaka 1934 zilikuwa 85. Ilikuwa na ila zake. Moshi ulipita ndani ya bloku, katikati ya silinda, kabla ya kutoka nje, kwa hiyo ilipata joto upesi na maji yakachemka. Kijana hakujali. Gari la V8 lililopata ajali lilipelekwa kwenye yadi ya vyuma chakavu, bodi limepondeka lakini injini nzima, na injini hiyo ilikuwa ikimngoja yeye.

Hapo ndipo kuhamisha injini kulipogeuka fani. Wengi waliitia V8 katika bodi la Ford Model A la mwaka 1928 hadi 1931, lililokuja na injini ya silinda nne yenye farasi 40. Anayedhani kazi hiyo ni kutoa na kuweka tu, hajawahi kuifanya. Injini mpya ni pana, na vishikizo vyake havilingani na fremu, hivyo hapana budi kukata chuma na kuchomelea vingine. Giaboksi lazima lioane na injini, na shafti inayopeleka nguvu nyuma ipunguzwe au irefushwe. Radieta ya zamani haitoshi. Uzito wa mbele umeongezeka, springi zinalala. Yote hayo yalifanyika uani, usiku baada ya kazi, injini ikining'inia kwenye cheni.

Na kulikuwa na jambo moja lililosahaulika upesi mbele ya injini inayonguruma: breki. Ford za miaka hiyo zilikuwa na breki za kuvutwa kwa vyuma, na nguvu yote ilitoka mguuni kwa dereva. Ni mwaka 1939 tu ndipo Ford walipoanza kutumia breki za mafuta, hizi tunazozijua. Mafundi wenye akili wakawa wanazitafuta breki za 1939 na za miaka iliyofuata, wanazifunga kwenye magari ya zamani. Maana hesabu ya mwendo haina huruma. Ukiuzidisha mwendo mara mbili, kazi ya breki inazidi mara nne. Gari linalokwenda kilometa 100 kwa saa haliwapi breki kazi mara mbili ya lile la kilometa 50, bali mara nne.

Hilo mimi sikulisoma kitabuni. Nilipokuwa kijana, kaka yangu nami tuliitoa injini ya Peugeot 504 tukaitia katika 404 ya marehemu mjomba. Tulitumia miezi minne, na siku ilipowaka mtaa mzima ulikuja kushangilia. Tulikuwa tumehangaikia kila kitu isipokuwa breki, ambazo zilikuwa zile zile za dramu, zimechoka. Tulipoteremka kutoka vilima vya Pugu, kaka alikanyaga mara ya kwanza gari likapungua. Mara ya pili likapungua kidogo. Mara ya tatu mguu ulizama hadi chini. Tulisimamishwa na migomba ya mtu. Kaka alivunjika mfupa wa bega, nami nina kovu hili la paji la uso. Mwenye shamba alitutazama, akauliza kwa upole kama tulikuwa tunakwenda msibani au tulikuwa tunautafuta. Sijawahi kulisahau swali lile.

Turudi California. Vijana wale walitafuta mahali pa kukimbilia, wakapapata kwenye maziwa makavu ya jangwa la Mojave, hasa Muroc, kaskazini mwa Los Angeles. Huko ardhi ni udongo mgumu, tambarare kama sakafu. Lakini hata kwenye uwanja mpana vile watu waliumia. Magari yaliachiwa kadhaa kwa pamoja, vumbi likapanda, na aliye nyuma hakuona aliye mbele. Ndipo mwaka 1937 klabu kadhaa zikaungana zikaunda chama chao, Southern California Timing Association. Chama kiliweka saa za kupimia, madaraja ya magari, na kanuni za mashindano. Baadaye gari likawa linaachiwa moja moja. Hapakuwa na serikali iliyowalazimisha. Walijiwekea sheria wenyewe, kwa sababu walikuwa wamechoka kuzika wenzao.

Vita Kuu ya Pili ikaja, na jeshi likaichukua Muroc. Vita vilipokwisha mwaka 1945, vijana walirudi na ufundi waliofunzwa jeshini na akiba kidogo mfukoni. Mikweche ikaongezeka, na mashindano yakahamia barabarani, usiku, kutoka taa hadi taa. Watu walikufa. Magazeti yaliwapaka matope wote kwa brashi moja. Chama hakikujibu kwa matusi. Januari 1948 kiliandaa maonyesho ya magari yao mjini Los Angeles ili raia wajionee kazi ya mikono ile, na mwezi huo huo Robert Petersen na mwenzake wakaanza kuuza gazeti la Hot Rod.

Mwaka 1951 Wally Parks, aliyekuwa mhariri wa gazeti hilo, akaanzisha chama cha nchi nzima, National Hot Rod Association. Shabaha yake ilikuwa kuyaondoa mashindano barabarani na kuyapeleka kwenye viwanja maalumu, umbali wa robo maili, yaani meta 402. Mwaka 1953 chama hicho kilifanya mashindano yake rasmi ya kwanza katika mji wa Pomona, na waliosaidia yafanyike ni polisi wa mji huo huo. Mwaka 1954 wajumbe wa chama walizunguka nchi na gari lao la kukokota tela, wakiwafundisha watu wa miji mingine kuandaa mashindano na kulikagua gari kabla halijaachiwa. Askari aliyekuwa akiwakimbiza vijana usiku akawa anasimama nao mchana.

Je, kazi ile iliwapa nini? Vic Edelbrock alikuwa fundi wa gereji. Alitengeneza bomba la kugawa hewa na petroli la Ford yake mwenyewe ya 1932, wenzake wakalitaka, na kutoka hapo kikazaliwa kiwanda. Ed Iskenderian, kijana wa mikweche vilevile, alirudi vitani akaanza kuchonga kamshafti. Mwaka 1955 Chevrolet walipotoa V8 yao nyepesi ya lita 4.3 na farasi 162, mafundi wa uani waliipokea mara moja, na biashara ya vipuri vyake ikatajirisha wengi.

Sasa mama, jibu langu ni hili. Mwanao hajapotoka. Anayeweza kuoanisha injini na giaboksi lisilo lake ana mikono ambayo gereji yoyote ya Gerezani ingeitamani. Lakini baba naye hajakosea kuogopa. Kinachomtofautisha fundi na mhuni si ukubwa wa injini. Ni masharti anayokubali kujiwekea.

Basi mzee asilifukuze gari. Aweke masharti. La kwanza, breki, usukani na springi vitengenezwe kabla injini haijanyanyuliwa kutoka chini ya mwembe. La pili, risiti ya injini itunzwe, na namba yake ibadilishwe kwenye kadi ya gari, maana injini isiyo na karatasi inaweza kumfikisha kituoni mtu asiye na hatia. La tatu, gari likaguliwe na askari wa usalama barabarani kabla halijapanda lami. Akiyakataa hayo, mzee alitoe gari hata leo. Akiyakubali, mzee ashike tochi amwangazie kijana wake usiku.

Na wakubwa wetu wa miji nao nawaomba jambo moja. Vijana wa namna hii wapo, na kuwakimbiza tu hakujawahi kuwamaliza popote. Pomona waliwapa uwanja na mkaguzi.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaaliwa, tuonane juma lijalo.