Nasaba ya Cherehani cha Ngozi

Zamani makubadhi ya Unguja yalishonwa kwa mkono, kwa msharasi na uzi uliopakwa nta. Kisha kikaja cherehani cha Singer, 29K, kilichoundwa Clydebank katika nchi ya Uskoti. Mkono wake mrefu huingia ndani ya kiatu, na mguu unaokandamiza ngozi huzunguka, fundi akashona kila upande bila ya kuigeuza kazi. Raha hiyo ina taabu zake. Hewa ya chumvi ya Mji Mkongwe hula chuma. Na ole wake akitiaye mafuta ya nazi, kwani huganda mfano wa gundi, hata yatakiwe mafuta ya taa na subira ya siku nzima.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1980. Vyerehani vibovu huchinjwa ili vingine viishi, na hapo ndipo mwanahistoria atatizikapo. Nambari iliyopigwa katika chuma hutaja mwaka wa kuundwa. Lakini nilichoonyeshwa Darajani kilikuwa na nambari ya kimoja, mkono wa cha pili na gurudumu la cha tatu. Nilinung'unika. Fundi, bila ya kuinua uso, akalizungusha gurudumu, kikashona.