Kambi ao Cité? Namna Jamaa za Katanga Zilivyochagua Makao na Shule

Katika Injili ya Mtakatifu Matayo tunasoma habari za baba mmoja aliyetafuta mahali pa kukaa. Yosefu alirudi kutoka Misri pamoja na Maria na Mtoto. Alitaka kwenda Yudea, lakini alisikia kwamba Arkelao anatawala huko mahali pa Herode baba yake, akaogopa. Basi akageuka, akaenda Galilaya, akakaa Nazareti. Fundi huyu alikuwa na mikono ya kufanya kazi popote. Lakini hakukaa popote: alimfikiri Mtoto kwanza.

Katika nchi yetu ya Katanga, jamaa elfu na elfu zimehama vijijini na kuingia mjini. Kila baba na kila mama aliulizwa swali lile lile: tukae mtaa gani, na watoto wasome wapi? Tuangalie namna wazee wetu walivyojibu, maana majibu yao yanatufundisha hata leo.

Mji wa wanaume peke yao

Gari la moshi kutoka Rhodesia lilifika mwaka 1910, na hapo ulianza mji wa Elisabethville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imekwisha kuundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru zake zilianza kuyeyusha shaba. Wamisionari nao hawakukawia. Wamonaki wa Mtakatifu Benedikto walifika mwaka 1910 pamoja na Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa Askofu baadaye. Mwaka uliofuata walifika wana wa Don Bosko, ndio Wasalesiani.

Lakini siku zile kampuni ilitaka mikono ya watu, haikutaka jamaa zao. Mwanamume aliandikwa kijijini, akafanya kazi miezi kadhaa, akarudi kwao, kama alikuwa angali mzima. Walilala wengi katika nyumba moja, magonjwa yaliwaingia, na wengi walikufa mbali na mama zao. Hakuna aliyeuliza shule iko wapi. Mji usio na watoto hauna haja ya shule.

Nyumba ya kazi

Karibu na mwaka 1928 mambo yaligeuka. Kampuni iliona kwamba kuwaleta watu wapya kila mara ni gharama kubwa, na kwamba mtu anaondoka wakati ule ule anapoanza kujua kazi. Basi ikatoa mikataba ya miaka mitatu, ikawapa wafanyakazi ruhusa ya kuja na wake zao, hata ikawasukuma kufanya hivyo. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa mmoja wa wakubwa walioongoza kazi hiyo. Watu walitoka Lomami, Kasai, hata Ruanda na Urundi.

Tusifiche jambo hili: kampuni haikufanya hivyo kwa mapendo tu. Ilihesabu. Mwanamume mwenye mke anakula vizuri, hatoroki, na mtoto wake atakuwa mfanyakazi wa kesho. Lakini hata hivyo, kwa mama aliyetoka kijijini, kambi ilikuwa mahali pa kushangaza. Alipewa nyumba katika mstari ulionyoka. Alipewa posho ya mume, yake mwenyewe, na ya watoto. Akishika mimba, kuna mahali pa kuzalia. Mtoto akizaliwa, anapimwa uzito. Na shule ilikuwa karibu, mikononi mwa wamisionari. Baba hakuwa na kazi ya kuchagua shule: ilikuwa inamngoja mtoto wake. Mtoto asipofika darasani, baba ndiye aliyeulizwa.

Je, kitu gani kilipunguka? Nyumba ile haikuwa ya baba. Ilikuwa ya kazi. Ndugu akitoka kijijini kusalimu, lazima ruhusa. Kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha. Watu waliona jambo hili upesi sana: wakati wa shida kubwa ya biashara duniani, kati ya mwaka 1930 na 1932, wafanyakazi maelfu walirudishwa makwao, wao na wake zao na watoto wao. Na mwaka 1941, tarehe 9 Desemba, wafanyakazi wa Elisabethville waliogoma kwa kudai mshahara walipigwa risasi na askari. Siku ile wajane wengi walijua kwamba anayekupa posho si baba yako.

Lupango

Upande mwingine palikuwa na cité, mitaa ya Waafrika iliyotengwa na mji wa Wazungu kwa ukanda wa nchi tupu. Kwanza Cité Albert, ndiyo Kamalondo ya leo, kisha Kenya, na baada ya vita vya pili vya dunia, Katuba na Ruashi. Kwa dekreto ya mwaka 1931 mitaa ya namna hii ilipewa utawala wake, nje ya utawala wa machifu wa vijiji.

Huko walikaa makarani, mafundi cherehani, waashi, wapishi wa Wazungu, na wachuuzi. Hakuna aliyewapa posho. Mama alinunua kuni na unga, akapanga mstari bombani kwa maji. Baba alilipa kodi. Mtoto alikwenda mwendo mrefu mpaka shule ya misioni, tena kama nafasi ingaliko. Baa zilikuwa nyingi, na kijana aliyekosa darasa alikuta barabara inamfundisha mambo mengine.

Lakini cité ilikuwa na kitu ambacho kambi haikuwa nacho: kiwanja, yaani lupango, kama tunavyosema Katanga. Kwa miaka mingi haki ya kiwanja hicho ilikuwa dhaifu. Kisha, wakati Bwana Ferdinand Grévisse alipotawala, Waafrika walikopeshwa fedha ili wajijengee nyumba imara wenyewe. Hasa Katuba ilijengwa hivyo. Na mwaka 1953 sheria ilimkubalia Mkongo kuwa na ardhi yake mwenyewe, kwa jina lake. Baba aliyejenga vyumba viwili vya matofali aliweza kumkaribisha mama yake mzee bila kuomba ruhusa kwa mtu. Akiachishwa kazi asubuhi, jioni alilala pale pale.

Tena mtaa wa cité ulikuwa shule nyingine. Muluba alikaa mlango kwa mlango na Mubemba, Musonge na Mutetela. Jirani ndiye aliyemchukua mgonjwa hospitali, jirani ndiye aliyekaa kwenye kilio. Hapo ndipo wengi walipojua maana ya methali: Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali.

Shule ipi?

Kwa muda mrefu mzazi Mwafrika hakuwa na shule za kuchagua. Serikali ilisaidia kwa fedha shule za misioni za Kikatoliki, na kwa karibu watoto wote shule ilikuwa ile ya parokia. Tunawashukuru wamisionari na waalimu wetu kwa kazi ile: bila wao, watoto wengi hawangejua kusoma hata neno moja. Lakini historia ya kweli haisifu tu. Wavulana wengi waliishia shule ya msingi, ao walifundishwa kazi za mikono. Wasichana walifundishwa zaidi kushona na kutunza nyumba. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika 30.

Mwaka 1954 Bwana Auguste Buisseret alipokuwa waziri wa makoloni, serikali ilianza kufungua shule zake yenyewe kwa watoto wa Kiafrika, zisizo za dini. Ugomvi mkubwa ulitokea kati ya serikali na misioni. Maaskofu walikumbusha kwamba haki ya kumlea mtoto ni ya wazazi kwanza. Na wazazi walifanya nini? Wengine walibaki na mapadri. Wengine, hata Wakristu wa kila Dominika, walipeleka watoto katika shule za serikali, hasa kwa sababu walitaka Kifaransa tangu mwanzo. Waliona kwamba Kifaransa ndicho kinachofungua mlango wa ofisi. Tusiwahukumu. Walikuwa wanachagua kwa mara ya kwanza, na walichagua wakimfikiri mtoto.

Baba anapokufa

Mwaka 1967 serikali ilichukua Union Minière, nayo ikawa Gécamines. Kambi, posho, hospitali na shule ziliendelea. Watu walikuwa wakisema kwamba kampuni ni baba na ni mama. Wajukuu wa wale waliokuja kwa mikataba ya miaka mitatu walizaliwa kambini, wakasoma kambini, wakaoa kambini.

Kisha mnamo Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na shaba ikapunguka sana. Mishahara ilichelewa, shule na hospitali za kampuni zikadhoofika. Katika miaka 1992 na 1993, jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi. Watu waliozaliwa huko waliambiwa kwamba ni wageni, wakalala katika stesheni za gari la moshi wakingoja kupelekwa nchi ambayo wengine hawakuijua. Na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kwa kulipwa fedha mara moja. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliwaita watu hawa, katika kitabu chake cha mwaka 2001, Bana Shaba walioachwa na baba yao.

Hatusemi kwamba watu wa cité hawakuteswa. Njaa ilifika Kenya na Katuba vilevile. Lakini mwenye lupango aliweza kupangisha chumba, kulima mchicha uani, kuweka meza ya biashara mlangoni. Alikuwa amekwisha kujifunza, miaka arobaini mapema, kuishi bila posho.

Maneno ya kushika

Leo jamaa bado zinaingia Lubumbashi kwa malori na mabasi. Makampuni mapya yamekuja. Shule za Kanisa, zilizochukuliwa na serikali mwaka 1974 na kurudishwa mikononi mwetu kwa mapatano ya mwaka 1977, zingali zinafundisha. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali hailipishwi, na shule zetu za mapatano zimo; lakini madarasa yamejaa sana. Basi kuchagua kungali kazi ngumu.

Ninyi wazazi mnaohama, ulizeni mambo matatu. La kwanza: nyumba hii itakuwa ya nani siku kazi itakapoisha? Ukikaa katika nyumba ya kazi, weka akiba ya kiwanja tangu mshahara wa kwanza, hata kama ni kidogo. La pili: shule hii inamfundisha mtoto wangu nini, na itamfikisha wapi? Usitazame jina na rangi ya ukuta. Ingia, hesabu watoto katika darasa, ongea na mwalimu, angalia madaftari. Na binti apewe nafasi sawa na kaka yake. La tatu: jirani zangu ni nani? Nenda Misa ya parokia ile kabla ya kulipa pango, ujue jumuiya.

Padri Placide Tempels, Mfransisko, alipokuwa katika kambi ya Ruwe karibu na Kolwezi, tangu mwaka 1953, alikuta watu wenye nyumba, chakula na dawa. Lakini alipowasikiliza, aliona kwamba mioyo yao ilitafuta kitu kingine: uzima, uzazi, mapendo. Kutoka mazungumzo yake na mabwana na bibi zao ilizaliwa Jamaa. Kampuni inaweza kujenga nyumba. Mke na mume peke yao ndio wanaojenga makao.

Yosefu wa Nazareti, aliyemtafutia Mtoto Yesu mahali pa kukaa, awaombee wote wanaofunga mizigo yao leo.