Mzigo wa anayekwenda kusoma mawe jangwani

Kila unapokaribia mwisho wa mwaka wa masomo hupigiwa simu na jamaa wa Maskati, Sur na Dubai. Mtoto anasoma jiolojia, amepata nafasi ya kwenda kituo cha jangwani, anunue nini? Naishi Coon Rapids, kaskazini ya Minneapolis, na kazi yangu ni kutayarisha vifaa vya safari za namna hiyo. Haya ndiyo ninayowajibu.

Kwanza, msishangae kuulizwa mambo ya jangwa mtu wa mji wa theluji. Mwendo wa nusu saa tu kwa gari kutoka kwangu, Chuo Kikuu cha Minnesota kina ghala la baridi linalohifadhi nguzo nyembamba za udongo na mwamba zilizotolewa ardhini kwa keekee. Zimo za Olorgesailie, Kenya, zilizochimbwa mwaka 2012, zenye kina cha mita 139 na historia ya miaka milioni moja. Zimo pia za Olduvai, Tanzania, za mwaka 2014. Kila nguzo hupasuliwa kwa urefu, nusu moja ikawekwa akiba na nusu ya pili ikafanyiwa kazi. Mchanga wa kwetu Afrika Mashariki umelala Minneapolis, na wanaoujua wapo huku.

Kituo ninachoulizwa sana ni Turkana Basin Institute, kaskazini ya Kenya. Richard Leakey alikianzisha mwaka 2005 pamoja na Chuo Kikuu cha Stony Brook cha New York. Kina kambi mbili: Turkwel, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, na Ileret, upande wa mashariki karibu na mpaka wa Ethiopia. Malazi, chakula na maabara vipo, kwa hiyo mwanao hana haja ya kubeba hema wala jiko. Lakini kazi yenyewe haifanyiki kambini. Asubuhi wanatoka kwa gari au kwa miguu, na huko ndiko mzigo unakotiwa mtihani.

Fedha ikiwa kidogo, itumieni kwenye maji na mawasiliano kabla ya nyundo. Mimi nahesabu lita 5 za kunywa kwa mtu kwa siku, mbali na za kupikia, na akiba ya siku 2 ndani ya gari. Chupa ziwe kadhaa, si dumu moja, kwani dumu likipasuka yamekwisha yote. Chumvi za kuchanganya na maji, zile wanazopewa wagonjwa wa kuharisha, ni nyepesi na bei rahisi. Na tende! Hakuna chakula cha safari nilichokiona huku kinachoishinda tende ya Oman: haiozi, haitaki moto, na mtu aliyechoka haikatai.

Simu ya mkononi msiitegemee. Kundi liwe na kifaa cha setilaiti cha kutuma ujumbe na kuomba msaada, na mzazi ajue ujumbe utakuja saa ngapi na amwite nani usipokuja. Ulizeni mapema sheria za kila nchi atakayopita, maana zipo zinazovizuia vifaa hivi uwanja wa ndege.

Sasa vyombo. Nyundo iwe ya jiolojia, ya chuma kimoja kutoka kichwa hadi mpini. Ya seremala isitumike, maana chuma chake humeguka na kuruka machoni. Miwani ya kinga ivaliwe hata hivyo. Kwa tabaka laini za ziwa, kama za Turkana, yafaa yenye ncha bapa kama patasi. Kwa miamba migumu ya milima ya Oman, yenye ncha kali. Lenzi ya kukuza mara 10 yatosha, ifungwe kamba shingoni.

Dira ndiyo inayowachanganya wengi. Dira iliyonunuliwa Minnesota imewekewa uzito upande wa kusini wa sindano, kwa sababu huku uga wa sumaku huvuta ncha ya kaskazini chini sana. Ukifika Turkana, karibu na ikweta ya sumaku, mvuto ule haupo, ule uzito unaiinamisha sindano upande wa pili, nayo inagusa kioo na kukwama. Nunueni yenye sindano ya dunia nzima, au mtu anayejua ausogeze ule uzito. Tena miamba yenye madini ya sumaku, kama ile ya kijani na nyeusi ya Samail, hupotosha dira yoyote. Hapo apime mwelekeo kwa jipiesi au kwa jua.

Asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10, inayotoa povu juu ya chokaa, hairuhusiwi ndani ya ndege kabisa, si begi la mkononi wala la chini. Ipatikane huko huko. Betri za akiba za lithiamu hukaa begi la mkononi, nyundo begi la chini.

Mifuko ya sampuli iandikwe ndani na nje, kwa penseli kwenye karatasi na kwa kalamu isiyofutika juu ya mfuko: mahali kwa jipiesi, tarehe, tabaka, na mshale wa juu ni wapi. Jiwe lisilojulikana lilitoka wapi ni kokoto tu. Na asibebe chochote kurudi nacho bila kibali. Kenya hudai leseni ya utafiti ya NACOSTI, na visukuku vinalindwa na sheria ya mwaka 2006. Tanzania ni COSTECH.

Ramani hazina gharama. Picha za setilaiti za Landsat ni bure tangu 2008, na za Sentinel-2 zinaonyesha kitu cha mita 10. Azipakue nyumbani kwenye programu ya QGIS, akachapishe na nakala ya karatasi.

Viatu vikungʼutwe kila asubuhi kwa ajili ya nge na nyoka. Akiumwa na nyoka, msichanje wala kunyonya jeraha. Mguu ufungwe ubao usitikisike, mgonjwa apelekwe hospitali.

Ndege ndogo nyingi za Kenya hukubali kilo 15 tu kwa abiria, tena begi laini. Upimeni mzigo nyumbani kwa mizani. Ukizidi, toeni nguo kwanza.