Waya haukuwa na kasoro, hesabu ndiyo ilikuwa ghali: historia ya chipu za ADSL

Kama umewahi kuingia intaneti kupitia simu ya mezani, ile sauti hujaisahau. Modemu inapiga namba, inalia, inakoroma, inapiga mluzi, halafu kimya. Picha moja inashuka kipande kwa kipande, na mtu akinyanyua simu chumba cha pili, kila kitu kinakatika. Kama hukuikuta enzi hiyo, waulize kaka na dada zako.

Kisha, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, Marekani, Ulaya na sehemu za Asia likatokea jambo la ajabu. Waya uleule wa simu, uliofukiwa ardhini miaka mingi nyuma, ukaanza kupitisha megabiti kadhaa kwa sekunde. Hakuna aliyebadilisha shaba yenyewe. Kilichobadilika ni chipu zilizowekwa kwenye ncha mbili za waya. Leo tufuatilie chipu hizo zilitoka wapi, maana ndani ya hadithi yake kuna uamuzi wa mwaka 1993 ambao huenda unautumia sasa hivi unaposoma hapa.

Nafasi ilikuwepo, ila ilifungwa

Kwa nini modemu za zamani ziliishia kilobiti 56 kwa sekunde? Wengi tungejibu: kwa sababu waya wa simu ni mwembamba na wa kizamani. Hapana.

Mtandao wa simu ulijengwa kwa ajili ya watu kuongea. Ukibakiza masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu, mtu anaeleweka vizuri, kwa hiyo mitambo ya simu ilichuja yaliyobaki. Vituo vilipokuwa vya kidijitali, kila simu ilipewa sampuli 8,000 kwa sekunde, kila sampuli biti 8. Zidisha: biti 64,000 kwa sekunde. Modemu inayopita humo haiwezi kuvuka hapo hata ufanyeje.

Lakini waya wenyewe, kutoka nyumbani hadi kituo cha simu cha mtaani, unaweza kubeba masafa ya megahezi 1 na zaidi. Ni kama bomba nene lililofungiwa koki ndogo. Ukiweka kifaa chako kituoni, kabla ya ile mitambo ya kuchuja, unaikwepa koki.

Shida ni kwamba nyaya za majirani hupita pamoja ndani ya kebo moja, na zinasikilizana. Pale kituoni mambo ni mabaya zaidi: ishara inayotoka kwa mteja imesafiri kilomita kadhaa na imefika hoi, wakati pembeni yake vifaa vya kituo vinapiga kelele kwa nguvu zote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Joseph Lechleider, mhandisi wa maabara ya Bellcore nchini Marekani, aliona namna ya kutokea. Tusigawe sawa kwa sawa, alisema kwa lugha ya hesabu. Ukiupa upande wa kushusha data nafasi kubwa, na upande wa kupandisha nafasi ndogo, huo mgongano unapungua sana. Na watu nyumbani hushusha zaidi kuliko wanavyopandisha. Hiyo ndiyo herufi "A" ya ADSL: isiyo na ulinganifu.

Lori moja au bodaboda 256?

Sasa likaja swali la pili: data yenyewe tuipakieje kwenye waya? Waya wa shaba ni barabara yenye mashimo. Masafa ya juu hufifia haraka kadiri umbali unavyoongezeka. Redio za masafa ya kati hurusha matangazo ndani ya masafa hayohayo, na waya unayanasa kama antena. Na hakuna nyumba mbili zenye waya wenye tabia moja.

Kambi ya kwanza, iliyotoka AT&T, ilikuwa na njia iitwayo CAP, binamu wa njia nyingine iitwayo QAM. Hii ni sawa na kutuma lori moja kubwa kwenye upana wote wa barabara. Kifaa cha kupokea kinajitahidi kusawazisha athari za mashimo yote kwa pamoja. Wahandisi waliijua vizuri, na chipu zake hazikuhitaji nguvu nyingi.

Kambi ya pili iliongozwa na John Cioffi, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyeanzisha kampuni ndogo ya Amati mwaka 1991. Njia yao, DMT, iligawa barabara katika vichochoro 256, kila kimoja kikiwa na upana wa kilohezi 4 na kidogo. Vya mwanzo kabisa vinaachwa wazi ili simu ya kawaida iendelee kufanya kazi. Vilivyobaki, kila kimoja kinapewa bodaboda yake. Modemu inapowashwa inakagua vichochoro kimoja kimoja. Hiki ni safi, kipakie hadi biti 15. Kile kina redio inapiga kelele, kipakie biti 2, au kiache kabisa. Ile taa ya modemu inayopepesa kwa muda kabla ya kutulia? Sehemu ya muda huo ni ukaguzi huu.

Mzigo unatumwa mara 4,000 kwa sekunde. Tuseme una vichochoro 200 vinavyobeba wastani wa biti 8: 200 × 8 × 4,000 ni biti milioni 6.4 kwa sekunde. Kwenye waya uleule wa kilobiti 56.

Wazo zuri, chipu hakuna

Wazo la vichochoro halikuwa jipya. Tangu mwaka 1948 Claude Shannon alikuwa ameonyesha kwamba njia yenye kelele ina kikomo cha data kinachoweza kukokotolewa, na nadharia yake inakuelekeza kuweka nguvu zaidi pale kelele ilipo ndogo. Mwaka 1971 Weinstein na Ebert walionyesha kwamba vichochoro vyote vinaweza kutengenezwa kwa hesabu moja ya Fourier, badala ya kujaza kabati zima la saketi. Mwaka 1985 kampuni ya Telebit ilikuwa tayari inauza modemu ya mamia ya vichochoro, ila ndani ya masafa ya sauti tu.

Kizuizi kilikuwa kukokotoa. Tufanye hesabu wenyewe. Kwa vichochoro 256 unahitaji badiliko la Fourier la nukta 512. Ukilifanya kwa njia ya moja kwa moja ni kuzidisha mara 512 × 512, yaani 262,144, na unarudia mara 4,000 kila sekunde. Hiyo ni zaidi ya bilioni 1 kwa sekunde. Ukitumia mbinu ya haraka iliyochapishwa na Cooley na Tukey mwaka 1965, inashuka hadi kama milioni 9. Nafuu kubwa, lakini kwa chipu ya bei ya nyumbani ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, bado ni mzigo. Hoja ya wapinzani ilikuwa na uzito: DMT ni nzuri kwenye karatasi, ila ni ngumu mno.

Mwanzoni mwa 1993 zikafanyika majaribio Bellcore, ambayo wahandisi waliyapa jina la utani la Olimpiki. Vifaa vya kambi zote vilipimwa kwenye nyaya ndefu zenye kelele. DMT ya Amati ikashinda kwa mbali, na mwaka huohuo kamati ya viwango ya Marekani ikaichagua.

Hebu fikiria uzito wa uamuzi huo. Kamati ilichagua njia nzito kuliko mwenzake, wakati chipu ya bei nafuu ya kuiendesha ilikuwa haijapatikana. Dau lao lilikuwa hili: transista zitaendelea kuwa ndogo na rahisi kila mwaka, lakini mashimo ya waya hayatapungua.

Kwa nini "seti" na si chipu moja

Vita havikuishia kwenye kamati. Chipu za CAP zilikuwepo sokoni, na laini nyingi za kwanza za DSL Marekani zilizitumia. Watengenezaji wa DMT, wakiwemo Alcatel, Motorola na Analog Devices, walikuwa na kazi mbili. Kukokotoa kulikwenda vizuri, maana chipu za kidijitali zilizidi kushuka bei. Kazi ngumu ilikuwa kwenye saketi za analogi. Mara mojamoja bodaboda zote 256 huruka tuta kwa wakati mmoja, na ishara inapanda hadi zaidi ya mara 5 ya kiwango chake cha kawaida. Saketi inayosukuma ishara kwenye waya lazima iwe tayari kwa kilele hicho, na hiyo inakula umeme na kutoa joto. Kwa mteja mmoja si neno. Kwenye kabati la kituo lenye mamia ya modemu, joto ni kesi. Ndiyo maana zilikuwa seti: chipu ya kukokotoa, chipu ya kubadilisha namba kuwa ishara, na kisukuma waya pembeni, kila moja kwa teknolojia yake.

Kichekesho ni kwamba ADSL haikubuniwa kwa ajili ya intaneti. Kampuni za simu zilitaka kuuza filamu kwa waya ili kushindana na televisheni za kebo. Biashara hiyo haikuchanganya. Kilichoiokoa ni tovuti, na watu waliochoka kungoja picha ishuke. Mwaka 1997 Texas Instruments ilikubali kuinunua Amati kwa karibu dola milioni 395. Mwaka 1999 kiwango cha kimataifa kikatoka kwa msingi wa DMT. Mwaka 2003 ubishi ukafufuliwa kwa VDSL, vifaa vikapimwa upande kwa upande, na DMT ikashinda tena.

Na sisi tusio na waya?

Utasema: kwetu simu za mezani zilikuwa chache, ADSL ilifika kwa wachache, inatuhusu nini? Simu yako ya 4G inagawa chaneli ya megahezi 20 katika vichochoro 1,200, kwa hesabu ileile ya Fourier. Wi-Fi pia. Na king'amuzi cha antena kilichoingia nyumba nyingi Tanzania ilipoanza kuzima analogi tarehe 31 Desemba 2012, nacho ni wa ukoo huohuo. Waya tuliukosa, hesabu tukaipata.

Mimi nimeshawahi kuambiwa kuhusu pendekezo langu la utafiti kwamba "linakula kompyuta sana". Inawezekana walikuwa sahihi. Lakini tangu nisome hadithi hii, kila nikisikia hivyo nauliza swali moja la ziada: ni zito kwa sababu ya maumbile ya tatizo, au kwa sababu ya chipu za mwaka huu? La kwanza halibadiliki. La pili lina tarehe ya kuisha.