Kisangani: namna jenereta iliingia majumbani, na namna ya kuishi nayo bila kufa

Mji wa Kisangani una maporomoko mawili yanayojulikana: yale ya Wagenya kwenye mto Kongo, na yale ya mto Tshopo upande wa kaskazini. Kwenye Tshopo ndipo Wabelgiji walijenga kituo cha umeme miaka ya 1950, mji ukiwa ungali unaitwa Stanleyville. Baada ya uhuru, mwaka 1970, iliundwa SNEL, shirika la umeme la taifa. Wakati huo jenereta ilikuwa kitu cha misioni, mashamba na kampuni zilizo mbali na nyaya. Raia wa kawaida hakuihitaji.

Mambo yaliharibika pole pole, mashine zikizeeka na watu wakiongezeka. Kisha ikaja vita ya siku sita, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa. Mji ulikosa umeme, na maji vilevile, kwa sababu pampu za Regideso zinategemea umeme. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Lakini madai kuhusu mali ya SNEL yalikataliwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Umeme wa zamu ukawa maisha ya kila siku. Ndipo jenereta ndogo, ambayo wengi wanaiita tu «groupe», ikaingia kwenye saluni, vituo vya afya, makanisa na nyumba. Mafuta yananunuliwa kwa kadafi, kwa chupa, kando ya barabara.

Hatari yake kubwa haionekani. Moshi wake una hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Tangu karne ya 19 mwanasayansi Mfaransa Claude Bernard alionyesha kwamba hewa hiyo inashika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, anadhani ni malaria. Akiwa amelala, anaweza kufa bila kuamka.

Watu hawaingizi jenereta ndani kwa ujinga. Wanaogopa mwizi, na Kisangani mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Lakini kufungua dirisha hakutoshi. Mwizi anazuiwa kwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo iliyosimikwa vizuri. Mvua inazuiwa kwa kibanda cha mabati kisicho na kuta. Jenereta ikae nje, angalau mita sita au saba kutoka mlango na dirisha, moshi ukielekea mbali na watu, na nyumba ya jirani pia.

Mafuta yasiongezwe mashine ikiwa inafanya kazi au ingali ya moto: izimwe, ipoe kwanza. Bidoni isilale chumbani wala karibu na mbabula au mshumaa. Waya uliochubuka usitumike, na mikono yenye maji isiguse mashine. Tena, jenereta isichomekwe kwenye prizi ya ukutani ili kuwasha nyumba nzima: umeme unarudi kwenye nyaya za SNEL na unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Kwa familia zilizokimbia mapigano kati ya Wambole na Walengola tangu 2023, jambo hili ni zito zaidi. Mahali pa kuchajia simu panaweza kuwa hatua chache tu na hema, na turubai inashika moshi kama chumba. Wakaaji wana haki ya kumwomba mwenye mashine aisogeze mbali.

Mtu akizidiwa na moshi, atolewe kwanza kwenye hewa safi, mashine izimwe, kisha apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu. Anayemwokoa asikawie ndani, maana moshi ule ule utamwangusha naye.